Makoloni Sita ya Mchora Ramani

Ofisi ya upimaji ilipofungwa, wafanyakazi tisa waliambiwa kila mtu achukue kilicho chake. Wengine walibeba viti. Mchora ramani alibeba meza yake ya kuchorea, ile yenye ubao unaoinamishwa, akaipandisha kwa mgongo wake mpaka ghorofa ya tatu, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya dada yake. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kwa miaka kumi na sita hakuwa amefanya kazi nyingine zaidi ya kuchora mipaka ya viwanja vya watu. Sasa mitambo ilikuwa ikipima kutoka angani na kuchora yenyewe, tena mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko ya mkono wake.

Mkewe alivumilia mwaka mzima katika chumba kile. Hakuwa mwanamke wa makelele. Asubuhi moja alikunja nguo zake na za mtoto, akasema anakwenda kwao kupumzika, na wote wawili wakajua kwamba mapumziko hayo hayana tarehe. Wiki iliyofuata alikuja mjomba aliyemlea mkewe, msimamizi wa ghala la mbao, mtu mkubwa wa mwili na mpole wa sauti, ambaye hata akivaa koti la heshima alinukia unga wa mbao.

"Mkwe, sikuja kugombana," alisema. "Binti yetu hajakuchukia. Lakini hawezi kuzeekea chumba cha nyuma cha wifi yake. Nataka miezi sita ya kipato chako mwenyewe. Kiwe kidogo, sina neno. Ila mfululizo. Sitaki mwezi mnono na mwezi mkavu."

"Na nikishindwa, Mjomba?"

"Ukishindwa nitakuja tuzungumze kiungwana, tumalize kiungwana. Sisi si watu wa kupelekana mahakamani mbele ya macho ya watu."

Mchora ramani alishukuru kwa lile neno la mwisho kuliko yote. Na yeye hakutoka nyumba ya watu wa kupelekana.

Aliyemwonyesha njia alikuwa karani wao wa zamani, mnene, mcheshi, ambaye ofisini walimwita Mhuri kwa sababu hakuna karatasi iliyotoka bila kupita mikononi mwake. Mhuri alikuwa na mchezo wa anga kwenye kompyuta, mchezo unaochezwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja kutoka kila pembe ya dunia. Kila mchezaji ana chombo chake. Wengi hupigana. Wachache, wenye subira, hufungua makoloni: unachagua sayari, unashusha mitambo ya kuchimba, unavuta mabomba mpaka kiwandani, kiwanda kinapeleka bidhaa kwenye kituo cha kupakilia, na wewe unarudi kila baada ya siku tatu kuamsha mitambo na kuchukua mzigo. Katikati ya hapo vyote vinajiendesha, uwe unakula au unakoga. Mzigo ukiuzwa, unalipwa fedha za mchezo, na wenye mchezo walikuwa na dirisha lao halali la kuzibadilisha ziwe fedha za kweli.

"Kwa hiyo nakaa tu, pesa inaingia?" mchora ramani aliuliza.

"Hukai tu. Unakaa kwa akili," Mhuri alisema. "Wenzako wanamwaga mitambo juu ya sayari kama wanaotupa takataka. Bomba refu, mzigo haba, halafu wanalia. Wewe umepanga viwanja vya watu maisha yako yote. Panga na hivi."

Akapanga. Aliinamisha ubao wa meza yake, akatandika karatasi, akachora sayari sita, kila moja na karatasi yake: mshipa wa madini unapita wapi, mtambo ukae wapi, bomba likatize wapi ili lisipoteze hata hatua moja. Alikuwa hajashika penseli kwa mwaka mzima na vidole vyake vilikuwa vizito siku ya kwanza. Siku ya tatu vilikuwa vyake tena. Mwezi wa pili makoloni yake yalikuwa yakitoa mzigo mara mbili ya ule wa Mhuri, na Mhuri akawa anampigia simu kumtukana kwa furaha.

"We mwizi wewe! Mimi miaka minne nahangaika, wewe umekuja jana unanipita!"

Lilikuwapo jambo moja gumu. Angani kule hakuna polisi. Mhuri na wenzake walishika kona moja ya mbali, isiyotamaniwa sana, na kila mmoja alilinda vyake. Sheria ya mchezo ilisema hivi: kituo kikivamiwa, mwenyewe anapewa saa arobaini na nane za kujitokeza na chombo chake. Akijitokeza, wavamizi wanalazimika kupigana naye, na wenzake wanaruhusiwa kumsaidia. Asipojitokeza mwenyewe, rafiki hawezi kumwakilisha. Kituo na koloni vinakuwa mali ya aliyevamia. Kwa sababu hiyo ulinzi wao wote ulikuwa kuonekana. Anayepita akikuta jina lako limewaka kila siku, anakwenda kutafuta mzembe mahali pengine.

"Hatutaji safari, hatutaji ugonjwa, hatutaji hata msiba," Mhuri alimwonya. "Mtu akikuuliza habari, wewe nzuri. Hata kama nyumba inaungua, wewe nzuri."

Jina la mchora ramani likawaka kila siku kwa miezi mitano.

Dada yake, mkubwa kwake kwa miaka kumi na mbili, alikuwa msimamizi wa maktaba ya shule. Alivaa saa ya mkononi hata jikoni na hakuwahi kurudisha salamu nusu. Tangu mdogo wake ahamie kwake hakumtupia neno hata siku moja, wala la chakula, wala la maji, wala la meza ile kubwa iliyoziba dirisha. Majirani walipoanza kuuliza mwanamume yule anafanya nini ndani mchana kutwa, aliwajibu mwenyewe.

"Mdogo wangu ana miradi ya nje."

"Nje wapi, mama?" aliuliza mshonaji wa ghorofa ya chini, mwanamke ambaye hakuna siri iliyomaliza wiki bila kumfikia.

"Nje sana."

Mshonaji alicheka mpaka akashika ukuta, na tangu siku hiyo mchora ramani akaitwa Gavana. "Gavana, mawinguni wameamkaje?" "Gavana, utatukumbuka kwenye ufalme wako?" Yeye alijibu kwa kuinua mkono. Hakuchukia. Mwezi wa tatu alikuwa amelipia mwenyewe umeme wa nyumba nzima. Mwezi wa nne alikwenda kutazama vyumba viwili mtaa wa nyuma, vyenye jiko lake na bafu lake, akaacha jina lake kwa mwenye nyumba.

Mjomba alikuja katikati ya muda huo kukagua. Mchora ramani alimwonyesha taarifa za malipo kwenye simu, mwezi baada ya mwezi, kisha akamfungulia kompyuta aone sayari zenyewe zikizunguka polepole. Mjomba aliegemea mbele, mikono magotini.

"Hii ya kijani ni yako?"

"Yangu, Mjomba."

"Na hii?"

"Na hiyo."

"Mtu ana nchi sita, mke anakaa kwa mjomba." Kisha akacheka, na mchora ramani akaona kwamba mzee amelainika. "Wanasema hii ni pesa inayokuja umelala. Sasa ukiamka huwa inakwenda wapi?"

"Nikiamka inakwenda kwa mwenye umeme."

"Haya, mwanangu. Miezi mitatu mizuri. Nipe mitatu mingine kama hii, nimlete mwenyewe kwa mkono wangu."

Kila Jumapili saa kumi alizungumza na binti yake kwa simu. Alikuwa na miaka minne, na mama yake alikuwa amemweleza kazi ya baba kwa namna yake.

"Baba, kwenye sayari yako kuna mbwa?"

"Bado."

"Weka."

"Nitaweka."

"Weka wawili, mmoja ataogopa."

Mwezi wa sita ulikuwa na siku tisa tu tumbo lilipoanza kumkata. Alivumilia Jumapili, akavumilia Jumatatu asubuhi, na adhuhuri dada yake alimkuta amejikunja chini ya meza, ametoa jasho kama aliyenyeshewa. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Walimpasua siku ileile. Daktari alisema kimechafua tumbo zima, na kwamba asifikirie kutoka kabla ya siku kumi.

Jumanne, sauti ikiwa bado imekwama kooni, alimfundisha dada yake. Simu yake haikuweza kufungua mchezo. Ilitakiwa kompyuta ya nyumbani. Dada alikaa kando ya kitanda na daftari, akaandika kila hatua kwa namba kama anayepanga vitabu. Washa. Fungua sayari ya kwanza. Bofya mtambo. Bofya amsha. Nenda ya pili. Alimsomea yote, naye akaitikia kwa kichwa. Alimweleza juu ya mitambo, mabomba, na mzigo. Kuhusu kuulizwa habari hakumweleza. Dawa ilikuwa inamvuta chini, na jambo hilo kwake lilikuwa limeshakuwa kama kupumua. Hakukumbuka kwamba linafundishwa.

Siku tatu zilizofuata dada alikuja na kuondoka na yeye hakuwa na fahamu nzuri. Homa ilikuwa imepanda. Jumamosi ilishuka. Dada aliingia saa za kutazama wagonjwa, akaweka chupa ya uji juu ya kabati dogo, akavuta kiti. Uso wake uling'aa.

"Makoloni yako yote yameamshwa," alisema. "Nimefuata namba kama ulivyosema. Sikuruka hata moja."

"Ahsante, Dada."

"Tena una marafiki wazuri huko. Nilikuwa nadhani ni wahuni watupu. Jumatano nilipowasha, kukatokea maandishi pale chini, yuko mmoja anaitwa Kapteni Tausi. Akaandika, 'Habari za leo, Mpimaji, hujambo?'"

Mpimaji ndilo lilikuwa jina lake kule. Mchora ramani aligeuza kichwa juu ya mto.

"Ukajibu?"

"Nisijibu mimi? Mtu amekusalimu kwa adabu, unamwacha kama ukuta? Nikamwambia, mimi si Mpimaji, mimi ni dada yake, mwenyewe hajambo kidogo, amelazwa. Akasema pole sana. Akauliza ni nini, nikamwambia. Akauliza atatoka lini. Nikamwambia daktari amesema siku kumi. Akauliza kama nimebaki peke yangu na kazi yote hiyo, nikamwambia mimi najua kuamsha mitambo tu, mengine sijui." Alifungua chupa, akamimina uji kikombeni. "Wallahi nilifarijika. Amesema tukupe salamu nyingi, uponee huko ulipo, usiwe na haraka."

Mchora ramani alitazama kikombe. Mshono wa tumbo ulikuwa ukimdunda.

"Na baada ya hapo?" aliuliza. "Hakuna kilichobadilika kwenye skrini?"

"Hakuna. Ah, yalikuja tu matangazo. Mekundu, makubwa, yenye saa inayohesabu kurudi nyuma. Ndivyo wanavyofanya siku hizi, wanakutia haraka ununue. Mimi sinunuliwi na saa. Nilikuwa nayafunga kila yakitokea."

"Yalitokea mara ngapi?"

"Mara sita. Jumatano ileile. Leo nilichungulia tu, hayapo tena, nadhani wamechoka."

Mara sita. Sayari sita. Saa arobaini na nane tangu Jumatano zilikwisha Ijumaa. Alipiga hesabu hiyo mara moja, kwa sababu hesabu ndiyo ilikuwa kazi yake, akaipiga tena ili apate jibu jingine, likaja lilelile. Kulikuwa na njia ya kusema. Neno moja tu, na dada yake, mwenye akili zote zile, angeelewa lote mpaka chini. Alimtazama akipuliza uji upoe. Alikuwa amevaa gauni lake la kazini siku ya mapumziko, kwa sababu anakuja mahali penye watu.

"Umefanya vizuri, Dada," alisema. "Sasa usiwashe tena, nitaendelea mwenyewe nikitoka."

"Kunywa, basi. Umekonda."

Alirudi nyumbani siku ya kumi na moja, akipanda ngazi kwa kupumzika kila ghorofa. Alisubiri dada aende shuleni ndipo akawasha. Sayari zilikuwepo, zikizunguka polepole kama siku zote. Mabomba yalikuwa palepale alipoyachora, mitambo ilikuwa ikichimba, viwanda vilikuwa vikitoa mzigo. Wavamizi hawakubadilisha kitu, kwa nini wabadilishe? Jina tu ndilo lilikuwa jingine. Zote sita ziliandikwa Kapteni Tausi.

Mhuri alipiga simu kabla hajapata nguvu ya kumpigia.

"Nani alikaa kwenye kiti chako?" Hakuwa na mzaha. "Tulikutafuta, simu imezimwa. Tumesimama pale saa zote na vyombo vyetu, haturuhusiwi hata kurusha jiwe bila wewe. Kuna mtu ameandika kila kitu hadharani, kaka. Hospitali, siku, kila kitu. Kama anasoma taarifa ya habari."

"Niliandika mimi," mchora ramani alisema.

"Wewe? Ulikuwa umelazwa."

"Dawa zilinichanganya. Niliandika kwa simu."

Mhuri alijua vizuri kwamba mchezo haufunguki kwenye simu. "Sawa," alisema. "Ulikuwa wewe. Ukianza upya, miezi minne mpaka urudi ulipokuwa. Mitano, labda."

Alipokata simu, mchora ramani alifungua mazungumzo yale na kuyasoma yote. Dada aliandika vizuri, kwa nukta na mikato, na mwisho alikuwa ameweka "Wako katika heshima". Akayafuta, mstari kwa mstari, mpaka ukurasa ukawa mtupu. Huo ndio ulikuwa ushahidi pekee wa maandishi kwamba hakuwa mzembe, na aliufuta kwa mkono wake.

Mjomba alikuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa sita. Dada alitandika kitambaa kipya mezani na kukaa pamoja nao, kwa kuwa ndiye mkubwa wa mdogo wake. Mzee alimpa pole kwa maradhi, akauliza juu ya kidonda, akasifu chai. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mkwe, tuone mwezi wa sita."

"Hakuna, Mjomba."

"Umechelewa kuingia?"

"Hautaingia. Makoloni yamekwenda. Yote."

Dada alishtuka. "Yamekwenda vipi? Mimi nimeyaamsha kwa mkono wangu!"

"Uliyaamsha, Dada. Hili ni jambo jingine."

Mjomba alikuwa amepima mbao maisha yake yote na alijua kugonga kitu asikie kama ndani kuna uwazi. "Mwanangu," alisema, "maradhi ni ya Mungu. Kama umeibiwa ukiwa kitandani, niambie umeibiwa. Mtu aliyeibiwa nitamwongeza muda, nitamtetea mbele ya mke wangu na mbele ya binti yetu mwenyewe. Niambie tu ilikuwaje."

Yale maneno yalikuwa mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Mchora ramani alihisi macho ya dada yake ubavuni mwa uso wake. Akimwambia ameibiwa, mzee angeuliza ameibiwaje, kwa sababu ni mtu wa haki na mtu wa haki huuliza. Na jibu lilikuwa limekaa pale mezani, limevaa saa ya mkononi, limenyoosha mgongo.

"Sikuibiwa," alisema. "Niliyacheza. Nilitaka kuyaongeza haraka kabla ya siku yenyewe, nikayaweka rehani kwa watu, yakaliwa. Ni uzembe wangu."

"Kabla ya kuugua?"

"Kabla ya kuugua."

"Na mimi nikawa naamsha kitu kisicho chako?" dada aliuliza polepole. Aibu ilipanda usoni mwake, aibu ya kuwa na ndugu wa namna hiyo mbele ya mgeni. "Ulinitazama nikiandika kwenye daftari, ukanyamaza?"

Mjomba alishusha pumzi, akatafuta kofia yake.

"Ungekuwa maskini tu, ningejua la kumwambia," alisema. "Mcheza kamari simrudishii mtoto. Unanielewa, mkwe. Ungekuwa na binti mkubwa ungefanya hivyohivyo."

"Naelewa, Mjomba."

"Tumalize kiungwana, kama tulivyosema."

Walipeana mikono mlangoni. Dada alimsindikiza mgeni mpaka barabarani, akamwomba radhi kwa niaba ya wazazi wao waliokwisha kufa, akarudi akatoa vyombo mezani. Aliviosha jikoni, maji yakimwagika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kwa siku nne alimpa chakula kwa adabu zote, akimwita "bwana". Hakuwahi kumwita hivyo kabla.

Siku ya tano mkewe aliandika. Hakulaumu. Alisema ameambiwa, na kwamba angependa angeambiwa jambo jingine lolote. Alisema mtoto hajambo. Alisema shule ya kule inafungua Jumatatu na wanadai cheti cha kuzaliwa, kama anaweza kukituma.

Vyeti vyote vya nyumba ile vilikuwa kwa dada, kwenye majalada yenye lebo. Mchora ramani alisimama mlangoni pa chumba chake akakiomba.

"Wanakitaka cha nini?"

"Shule."

Dada alitoa jalada, akachomoa karatasi, akaikagua pande zote mbili. Kisha akatafuta bahasha ngumu ili isikunjike, akaandika anwani ya kwa mjomba kwa mwandiko wake uliosimama sawasawa, akaipuliza wino ukauke. Alimkabidhi bila kumtazama.

"Iende kwa rejesta," alisema. "Isipotee na hiyo."

Mchora ramani aliibeba kwa mikono miwili, akashuka ngazi akiwa ameshika tumbo kwa kiwiko, kwa kuwa kidonda kilikuwa hakijafunga vizuri. Chini, mshonaji aliinua uso kutoka kwenye cherehani.

"Gavana! Umepona? Mawinguni wameamkaje?"

"Nzuri," alisema, akapita kwenda posta.